Jua kwanza jamaa anaficha nini

Wadogo zangu mnaoanza kuandika skripti za vichekesho, hii ndefu kidogo kwa hiyo kaa mkao wa kula. Kila wiki kuna mtu ananitumia kazi yake WhatsApp, kaka naomba unisomee, na mi nasoma, na karibu zote zina ugonjwa mmoja ambao hata mi niliumwa miaka kama mitatu bila kujua kama naumwa.

Ugonjwa wenyewe ni huu, mhusika wako anaongea maneno ya kuchekesha halafu basi. Anaingia kavaa suruali mpaka kifuani, anamtukana mlinzi, anamtukana dada wa kazi, anaanguka, anaondoka. Ukimuuliza mwandishi huyu jamaa anataka nini leo, anakuambia anachekesha. Sasa hiyo ni kazi yako wewe, yeye jamaa anataka nini?

Mi komedi yangu ya kwanza ilikuwa ya meneja wa gesti mwenye mdomo mchafu. Kurasa 9, niliandika usiku mmoja, nikajiona nimemaliza mchezo. Tukarekodi kwa hela za kuungaunga, siku ya kuwaonyesha watu tukajaa sebuleni kwa dairekta wetu, kimya kama msibani, aliyecheka alikuwa mmoja tu na kumbe alikuwa anacheka kitu kwenye simu yake. Dairekta hakunisema, alinipa flashi akaniambia we si umeandika gesti, kaangalie wenzio walivyoandika hoteli.

Ndani zilikuwa episodi 12 za Fawlty Towers, ile komedi ya BBC ya 1975 na 1979. Zote, maana hazikuwahi kuwa zaidi ya hizo, 6 mwaka ule na 6 miaka minne baadaye, wakaacha. Kiukweli nilinuna, nikaona nimepewa vitu vya babu zake watu. Nikaweka tu jioni moja nyumbani, bi mkubwa yuko pembeni anachagua mchele kwenye ungo, na Kiingereza chake ni cha kuombea maji. Baada ya kama dakika kumi nasikia kicheko, nageuka ungo uko chini, mama anafuta machozi na kunyooshea tivii kidole, "huyu baba leo anakamatwa, mkewe huyo anakuja!"

Hebu irudie hiyo sentensi. Hakuelewa utani hata mmoja, maana utani ulikuwa wa Kiingereza tena cha haraka haraka. Alichoelewa ni kwamba baba ana siri, mke hajui, na mlango unataka kufunguka.

Kwa ambao hamuijui nieleze fasta. Kuna hoteli Torquay, mji wa pwani kusini magharibi mwa Uingereza, inaendeshwa na Basil Fawlty, mrefu kama mlingoti, anaigiza John Cleese. Mkewe Sybil ni Prunella Scales, kazi ya hoteli anaiweza kuliko mume na mume analijua hilo na linamuuma. Yupo Polly, mhudumu mwenye akili zake, anaigiza Connie Booth ambaye ndo aliandika skripti zote pamoja na Cleese, walipoanza walikuwa mke na mume. Na yupo Manuel, mhudumu wa kutoka Barcelona ambaye Kiingereza kinampiga chenga, huyo ni Andrew Sachs.

Chanzo chake ni mtu wa kweli. Mwaka 1970 Cleese na wenzake wa kundi la vichekesho la Monty Python walifikia hoteli moja hukohuko Torquay ikiitwa Gleneagles, mwenye nayo Donald Sinclair. Kwa simulizi zao wenyewe, mzee alichukua mkoba wa Eric Idle, mmoja wao, akaenda kuuweka nje nyuma ya ukuta eti unaweza kuwa na bomu, kumbe ni saa ya kuamshia. Mgeni mwingine aliulizia basi akarushiwa ratiba ya mabasi. Akamsema Terry Gilliam, Mmarekani wa kundi hilohilo, kwa jinsi anavyoshika uma na kisu. Wenzake wakahama, Cleese yeye akabaki na Connie akaja, wakawa wanamwangalia tu.

Hapa ndo wengi mnapotea. Mngemkuta mzee yule mngeandika matukio yake kama yalivyo, mkoba, basi, uma, mwisho. Hiyo ingekuwa ile komedi yangu ya gesti! Cleese na Booth walichukua mdomo wa yule mzee halafu wakaongeza vitu viwili, hofu na tamaa. Hofu ni Sybil. Tamaa ni kutaka wageni wa tabaka la juu, mabwana wenye vyeo, ndo maana episodi ya kwanza tu anatokea tapeli anajiita Lord Melbury, na Basil aliyekuwa anawafokea wageni ghafla analainika kama maandazi kwenye chai. Ukali wake una mahali unakoishia, na hapo unapoishia ndo panachekesha.

Sasa nataka tuichambue episodi moja taratibu, ya kwanza ya mwaka 1979, Communication Problems. Nimeiangalia si chini ya mara ishirini nikiwa na daftari, na nasema kabisa ni shule nzima ya uandishi.

Basil anapewa tetesi na mgeni kuhusu farasi, anaitwa Dragonfly. Anataka kubeti. Sybil alishampiga marufuku kubeti. Ona sasa, mambo mawili tu, na nyie mnaoishi na watu wa mikeka hamhitaji kuelezwa zaidi. Farasi anashinda, Basil anapata pauni 75, na hapo ndipo tatizo linaanza. Mwandishi mchanga angemfanya ashindwe, ahuzunike, acheze na machozi. Wao walimpa alichokitaka, kisha hela yenyewe ikawa ndo mzigo, ataiweka wapi?

Wakati huohuo hotelini kuna mgeni mmoja mama mzito, Bi Richards, kaigiza Joan Sanderson. Hasikii vizuri, ana kifaa cha masikio ila anakizima kwa sababu, sikiliza hii, kinamaliza betri. Analalamikia kila kitu, bafu dogo, dirishani haoni cha maana, na Basil anamuuliza kwani ulitegemea kuona nini Torquay, jumba la opera la Sydney? Makundi ya nyumbu wakikimbia uwandani? (Hapo mi hujisikia fahari ya ajabu, nyumbu wetu nao walipata kasehemu kwenye BBC.) Yule mama naye anadai ameibiwa pauni 85 chumbani.

Unaona? Sasa kuna hela imepotea, na kuna mwanaume ana hela hawezi kusema kaitoa wapi. Hawa waandishi hawajaongeza kichekesho chochote bado, wamepanga tu meza. Lakini kuanzia hapo kila mtu akifungua mdomo unacheka, kwa sababu Polly anaombwa aseme hela ni zake, Sybil anauliza farasi aliitwaje, na Basil kasimama nyuma ya mkewe anaigiza kwa mikono na mabawa jina la Dragonfly huku Polly anabahatisha. Meja Gowen, mzee mpangaji mwenye kusahau, anapewa hela aitunze, anasahau. Na Manuel alikuwa ameagizwa akiulizwa kuhusu farasi aseme hajui kitu, basi siku Basil anamhitaji aseme anachojua, amtetee, Manuel anasimama kwa fahari zote na kusema hajui kitu. Sini hiyo haina neno hata moja la kuchekesha. Ni sentensi ya kawaida kabisa! Ila imewekewa msingi dakika kadhaa nyuma.

Waswahili tunasema njia ya mwongo ni fupi, sasa kazi yako wewe mwandishi wa komedi ni kuirefusha hiyo njia, umtengenezee mwongo wako kona nyingi, kila kona akiponea chupuchupu analipa kwa uongo mwingine.

Mwishoni kabisa Basil anajikuta na hela mkononi, kwa hesabu zake yuko mbele kwa pauni 10, anafurahi kama mtoto, kwa mara ya kwanza maishani anashinda. Kashika chombo cha thamani cha yule mama. Na Meja ndo anachagua dakika hiyohiyo kukumbuka, mbele ya Sybil, kwamba hela ilitokana na farasi. Chombo kinapasuka. Nimeshawaambia mara ngapi, mtu wa mwisho kuongea awe yule ambaye tulishamsahau.

Haya, tuje kwenye kitu msichopenda kusikia, muda. Cleese amesema mara nyingi kwamba skripti moja iliwachukua kama wiki 6. Moja. Na zilikuwa nene, karibu mara mbili ya skripti za kawaida za nusu saa za wakati ule, kwa sababu watu wanaongea mbio na matukio ni mengi. Wewe unaandika jioni, asubuhi unarekodi, mchana unailaumu algorithimu. Najua mazingira ni tofauti, hakuna anayekulipa wiki 6 ukae na daftari, hata mi silipwi. Ila hata siku 6 hujawahi kuipa skripti yako, niambie ukweli.

Halafu msikate tamaa kwa kukataliwa. Mtu wa BBC aliyepewa skripti ya kwanza aisome aliandika kwamba ni mkusanyiko wa mambo na wahusika waliozoeleka, haoni itakuwa nini zaidi ya balaa. Na bosi mwingine akashauri watolewe nje ya hoteli, huwezi kukaa hotelini muda wote. Mwaka 2000 taasisi ya filamu ya Uingereza, BFI, ilipopanga vipindi 100 bora vya televisheni vya nchi hiyo, hii ndo ikawa namba moja. Ile ya kutoka nje ya hoteli nawaomba muigeuze kichwa chini miguu juu, yaani kaeni hapohapo ndani, maana nyie mnapenda sana kuhama hama, sini beach, sini baa, sini Mlimani City. Ukimfungia mtu ndani na siri yake na watu anaowaogopa, presha inapanda yenyewe. Tena ni bei rahisi.

Kuna swali huwa naulizwa, je si ni kumdhalilisha mgeni, yule Manuel? Mi naona ukiangalia vizuri Manuel ndo mtu mwenye roho safi kuliko wote pale, anajitahidi, anampenda bosi wake, na Basil anayemponda ndo anayeonekana mjinga. Sachs mwenyewe alizaliwa Berlin, familia yake ilikimbia Manazi 1938, kwa hiyo kuwa mgeni kwenye lugha ya watu alikujua. Na Wahispania walipoitafsiri kwao walimgeuza Manuel kuwa Mwitaliano, wajanja hao, aibu tumpe jirani. Kuna wakati Cleese alimpiga na sufuria kweli kweli kwa bahati mbaya akabaki na kizunguzungu, kwa hiyo jamani tafuteni sufuria za kuigizia.

Lakini si kila kitu mle kimezeeka vizuri. Kwenye episodi ya The Germans kuna sehemu ya Meja anatamka maneno ya kibaguzi, na Juni 2020 ilitolewa kwenye mtandao wa UKTV, ikarudishwa siku chache baadaye na tahadhari. Wapo wanaosema anayechekwa ni Meja mwenyewe na mawazo yake ya kizamani, na nia inawezekana ndo hiyo, ila mi nikifika hapo sicheki na wala siioni kazi yake kwenye hadithi. Linganisha na Basil kwenye episodi hiyohiyo, kapigwa na kitu kichwani, katoroka hospitali, amejiapiza hataitaja vita mbele ya wageni wa Kijerumani na kila anachofungua mdomo vita inatoka. Pale anayeumbuka ni yeye. Mkiandika habari ya Mhaya au Mmasai au Mpemba jiulizeni nani ataumbuka sini ikiisha, mkijibu kabila zima, futeni.

Wamarekani nao walijaribu kuiga. 1983 walifanya yao inaitwa Amanda's, wakachukua hoteli, wakachukua hadithi, ila Basil hayumo kabisa, kuna mwanamke tu mwenye hoteli. Haikufika mbali. Walibeba mkaa wakaacha moto, sijui walitegemea chai ichemke na nini.

Sasa mi niko na skripti yangu wiki ya tano. Ni baba mmoja wa Mbagala, fundi friji, mkeka wake umetiki milioni mbili, na alishamwapia mkewe mbele ya mchungaji kwamba ameacha kubeti. Mchungaji huyohuyo leo kaja kuchangisha paa la kanisa na ameketi sebuleni kwenye kochi ambalo hela iko ndani yake. Mpaka hapo nimepata kurasa 31, mke yuko jikoni anakaanga samaki, na bado sijui ni nani atamwambia mchungaji anyanyuke. Kuna bibi niliyemweka ukurasa wa 2 kisha nikamsahau, namfikiria huyo.