Mtoto ana kipawa, mama anapandwa na hasira: ashike wapi?

Swali: Mwanangu wa miaka 8 anasoma vitabu vya kaka yake wa darasa la sita, na hubishana kama wakili. Akikosa hesabu moja anachana daftari na kulia nusu saa. Nami tangu utotoni nina hisia kali: nafoka, kisha najifungia chumbani nalia. Nifanyeje? – Mama wa Morogoro

Jibu: Dada, kinachokuponza kwanza ni ulimi wa huyo mtoto. Anapanga hoja kama wa miaka 12, nawe unamjibu kama wa miaka 12 na kuona anakudharau. Ila uvumilivu wake wa kushindwa ni wa miaka 8, na hupungua akiwa na njaa au usingizi. Daktari wa akili wa Poland, Kazimierz Dąbrowski (1902–1980), aliandika kuhusu watu ambao hisia zao huamka upesi na kwa nguvu kuliko za wengine. Yeye hakuuona huo kuwa ugonjwa. Wepesi huo wa hisia mara nyingi hurithiwa, kwa hiyo hapo kwenu huenda mko wawili.

Kwa wiki moja, kila ukifoka andika mambo matatu: saa, kilichotangulia, na mwili ulianzia wapi kubadilika. Wengine hubana taya, wengine masikio hupata moto au sauti hupanda. Dalili hiyo ndiyo ya kuishika, kwa sababu hasira ikishapanda hutakumbuka ushauri wowote. Ukikuta kila ugomvi ni saa moja usiku, wakati unapika huku unasimamia hesabu, hamisha hesabu ziwe baada ya chai ya jioni. Hilo tu huondoa ugomvi mwingi, na halikudai ujizuie chochote.

Dalili ikija, nyamaza. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu 4, itoe taratibu ukihesabu 6, kwa dakika mbili. Kutoa kurefu ndiko kunakopunguza mapigo ya moyo. Wanaolalamika kwamba zoezi hili huwapa kizunguzungu huwa wanavuta hewa nyingi na kwa haraka. Vuta kidogo tu.

Isipotosha, ondoka, lakini kwa sentensi mliyokubaliana mkiwa watulivu: "Nimeanza kukasirika. Natoka, narudi ikifika saa moja na nusu." Jipe dakika 20 hivi, maana mwili hauteremki mara moja. Ukizitumia kurudia ugomvi kichwani, utarudi na hasira ileile. Tembea au fua. Na rudi saa uliyotaja; mtoto wa aina hii anaangalia saa, na ukichelewa mara mbili atakufuata hadi mlangoni na hoja zake. Akiwa mdogo zaidi, au anajiumiza, usimwache peke yake: kaa naye chumba kimoja ukiwa kimya.

Hoja zake usizijibu palepale. Mpe daftari la hoja, aandike, mzijadili siku ya pili. Akiwa na haki, mkubalie waziwazi.

Ukishafoka, radhi iwe fupi: "Nilikufokea. Haikuwa sawa. Kesho nikikasirika nitatoka kwanza." Usiongeze "lakini na wewe", maana hapo ataanza kesi upya. Wala usimwelezee machozi yako. Mtoto mwenye hisia kali huyabeba, akaanza kukulea wewe. Machozi hayo mpelekee dada yako, shoga yako au mumeo.

Daftari lililochanwa liache hadi atulie. Kisha muulize ni hatua ipi ya hesabu ilipotea, mrudie hiyo moja, siyo ukurasa mzima.

Ukiona unampiga, hulali vizuri kwa zaidi ya wiki mbili, au unawaza kujidhuru, usisubiri mbinu hizi zifanye kazi: nenda hospitali ya mkoa, uombe kitengo cha afya ya akili.