Hiyo b ya "debt" inafanya nini pale?

Swali: Shikamoo mhariri, mwanangu juzi kakatwa maksi kisa kaandika "det", mwalimu anasema ni "debt", sasa hiyo b isiyotamkwa imetoka wapi jamani?

Jibu: Marahaba. Masikio ya mtoto yako sawa kabisa! Waingereza neno hilo walilitoa kwenye Kifaransa na zamani waliandika "dette", b haikuwepo, baadaye wasomi waliokihusudu Kilatini wakaona asili yake ni "debitum" basi wakaichomeka b kwenye maandishi, midomo ya watu ikabaki vilevile. "Doubt" nayo hivyohivyo. Inayoniuma zaidi ni "island", hiyo s iliingizwa kwa makosa, walidhani linahusiana na "insula" la Kilatini kumbe ni Kiingereza chao wenyewe cha kale. Mwanao aikariri tu, ila asijione mjinga.