Mdogo Wangu wa Mbeya, Mwaga Zege Kwanza

Wiki iliyopita nilipata ujumbe wa kijana mmoja wa Mbeya. Ameanza kwa "Shikamoo kaka", kisha akanieleza kwamba amenunua Land Rover 109, ile ndefu ya zamani, kwa mzee mmoja kule Tukuyu. Gari limekaa miaka tisa chini ya mparachichi, kuku wametagia ndani. Ana Sh 1,500,000 ya vifaa na anataka kujua jambo moja tu: aanze na spana zipi?

Nilikaa na ujumbe ule siku tatu bila kujibu, kwa sababu swali lile lile nililiuliza mimi mwaka 2015, nikajibiwa orodha ndefu ya spana, na orodha ile ikakaribia kunigharimu gari zima.

Marahaba, mdogo wangu. Usinunue spana hata moja sasa hivi. Chukua hiyo pesa umwage zege.

Najua si jibu ulilolitaka. Nisikilize.

La kwangu nililipata kwenye mnada wa shamba la mkonge, njia ya kwenda Muheza. Series III, 109, ya mwaka 1978, injini ya petroli ya cc 2,286. Bodi ilikuwa nzima, nikafurahi sana, maana kila mtu aliniambia Land Rover haioti kutu. Ni kweli nusu. Bodi ni aluminiamu, lakini chasisi ni chuma, na ule ukuta wa mbele unaobeba dashibodi na bawaba za milango nao ni chuma. Hapa Tanga hewa ina chumvi usiku na mchana. Pale aluminiamu inapolalia chuma, chumvi na unyevu vikiingia katikati, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Niligonga kwa kidole chini ya mlango wa dereva, ukamwagika unga mweupe kama dona. Nikajua kazi ipo, na nyumbani sikuwa na mahali pa kuifanyia. Nikalipeleka gereji ya uani, kwa fundi niliyekuwa namwita kaka.

Lilikaa kule miezi kumi na minne.

Kila nikienda naambiwa spea inasubiriwa kutoka Dar. Mwishoni mke wangu aliacha hata kuuliza. Siku nilipoamua kwenda bila taarifa nilikuta hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, imefunguliwa, imeegemezwa ukutani, na injini iko wazi, imefunikwa kipande cha turubai kilichochanika. Masika yote yalikuwa yamepita juu yake. Nikachungulia. Kwenye silinda ya tatu maji yalikuwa yamesimama, ya rangi ya chai ya rangi, na juu yake linaelea jani la mwembe. Pistoni mbili zilikuwa zimeganda kabisa. Geji za dashibodi hazikuwepo, alteneta haikuwepo, stata haikuwepo. Boliti zote za gari zilikuwa kwenye ndoo moja ya rangi, zimechanganywa na za magari ya watu wengine.

Sikumshitaki. Tukikutana Ngamiani tunasalimiana mpaka leo. Lakini inaniuma, sitadanganya. Nilijifunza kwamba gari la zamani likifunguliwa mahali pasipo na paa lako na kufuli lako, si lako tena.

Nikalivuta hadi nyumbani. Kwa kuwa nilikuwa nimeshaambiwa spana ndiyo kila kitu, nilinunua boksi spana kubwa la milimita, la vipande zaidi ya mia, kwenye kasha jekundu. Nikaliweka gari chini ya mwembe wangu mwenyewe, kwenye mchanga, nikaanza.

Jumamosi ya pili nilikuwa nafungua dramu ya breki ya gurudumu la nyuma upande wa kushoto. Jeki ya chupa nimeisimamisha juu ya kipande cha ubao, chini ya eksili, ule mhimili wa magurudumu, nimepanga matofali mawili ya saruji. Nimelala ubavu, mkono wa kulia uko chini ya dramu. Mwanangu, wakati huo ana miaka sita, akaniita kutoka mlangoni akisema chai tayari. Nikatoa mkono kujigeuza nimjibu. Nilisikia sauti ndogo tu, kama mtu amevunja biskuti. Tofali la juu lilipasuka katikati, jeki ikalala, na dramu ikazama kwenye mchanga pale pale mkono ulipokuwa. Mchanga ukaruka ukaniingia machoni. Mtoto alikuwa bado anasema chai tayari.

Sikugusa gari lile kwa miezi mitano.

Tofali la saruji halitoi taarifa kabla ya kupasuka. Mbao hulia, chuma hupinda, tofali huachia mara moja. Na jeki ni ya kunyanyulia, si ya kushikilia. Gari likishanyanyuka linakaa juu ya stendi za chuma, na stendi zinataka sakafu ngumu iliyo sawa. Ndiyo maana nasema zege kwanza, mdogo wangu. Ukiwa na stendi nne nzuri juu ya mchanga, bado umelala chini ya hatari ile ile.

Basi nikajenga banda. Ilichukua mishahara mingi na sitaki kukuficha hilo. 109 ina urefu wa takriban mita 4.4 na upana wa mita 1.7 hivi, kwa hiyo nilipima sakafu mita 7 kwa 4.5. Unahitaji kuzunguka gari mlango ukiwa wazi, na mbele unahitaji nafasi ya injini kutoka. Zege la inchi nne lenye wavu wa nondo ndani, limesawazishwa kwa pima maji, kisha likamwagiliwa asubuhi na jioni siku saba. Paa la mabati, na katikati bati tatu zile za kupitisha mwanga, ili mchana nisihitaji taa. Milango miwili ya bati na kufuli la maana. Ukutani meza ya mbao nene, imefungwa kwenye nguzo isitikisike, na juu yake jiliwa, kile chuma cha kubania kitu unachokifanyia kazi. Kama ningeruhusiwa kubaki na kifaa kimoja mezani ningebaki na jiliwa. Kushika kitu kwa mkono wa kushoto huku unakipiga nyundo kwa wa kulia si ufundi, ni kujitafutia jeraha.

Na boriti. Injini ya 109 watu wawili hawaibebi. Mafundi wengi huitundika kwenye tawi la mwembe kwa cheni bloki, ile winchi ya mnyororo, na mimi pia niliwahi kufikiria hivyo. Usifanye. Wala usitundike kwenye kenchi za paa, maana zilihesabiwa kubeba mabati. Nilichomelea fremu ya bomba nene la chuma yenye miguu yake minne chini kwenye zege, cheni bloki ya tani moja ikaning'inia hapo. Tangu siku ile nimetoa injini tatu bila kumwita jirani.

Banda lilipokamilika, ndipo nikagundua kwamba lile kasha jekundu lilikuwa karibu bure.

Land Rover ya Series III imefungwa kwa nati za inchi sehemu kubwa. Hapa ndipo wengi wanapoharibu magari yao bila kujua. Nati ya nusu inchi ni milimita 12.7. Spana ya 13 inaingia vizuri, unajiona umepatia. Pengo ni sehemu tatu tu za kumi za milimita, na kwenye nati mpya halikusumbui. Kwenye nati iliyoganda miaka tisa ile nafasi ndogo inatosha kula pembe zote sita, na nati inakuwa duara mkononi mwako. Ya 9/16 ni milimita 14.29: spana ya 14 haiingii, ya 15 inacheza, kwa hiyo fundi anaipigilia ya 14 kwa nyundo. Ya 3/4 ndiyo yenye huruma, inakubali 19. Nilikuwa nimeharibu nati kumi na saba kabla mzee mmoja aliyefanya kazi karakana ya reli hajanishika mkono na kuniuliza, "Mwanangu, hili gari la Mwingereza unalifungua kwa spana ya Mjapani?"

Kwa hiyo spana za inchi, kuanzia 7/16 hadi 3/4, za ringi upande mmoja na mdomo upande wa pili, na soketi zake za pembe sita, si za pembe kumi na mbili. Seti ndogo nzuri kuliko kasha kubwa la kung'aa. Mtaa wa Gerezani pale Dar zipo ukitafuta kwa subira, ila zangu bora nilizipata kwa wazee wa karakana za mkonge, zimechakaa rangi lakini chuma chake hakipindi.

Kabla ya kuvuta nati yoyote, brashi ya waya, mafuta ya kulegeza kutu, subiri hadi kesho. Rudia, subiri tena. Haraka ndiyo inayokata boliti, na boliti iliyokatika ndani ya aluminiamu itakuchukua siku nzima.

Kuna kifaa ambacho nilikataa kukinunua kwa kiburi: toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza. Nilijiambia mkono wangu unajua. Nikafunga hedi kwa mkono unaojua, nikawasha, injini ikaimba vizuri, nikawapandisha watoto kwenda Korogwe. Kabla ya kufika Segera gasketi inayoziba kati ya hedi na injini ilikuwa imeungua, maji yanaingia kwenye oili, oili imegeuka rangi ya maziwa. Tulirudi kwa kuvutwa na fuso ya machungwa, watoto wamelala kwenye siti ya nyuma. Boliti kubwa za hedi ile zinatakiwa pauni-futi 65, karibu Nm 88, kwa hatua, kuanzia katikati kwenda pembeni. Mkono hauhesabu hivyo. Nikanunua toki renchi wiki ile ile, pamoja na fila geji, vile vibamba vya kupimia mapengo madogo: tapeti za vali milimita 0.25, platini za kuwashia kati ya 0.35 na 0.40. Tangu hapo gari linawaka asubuhi kwa mara moja.

Miezi minane ya kukwangua chasisi na kupaka praima naiacha, haina cha kusimulia zaidi ya vumbi. Nikuambie tu: tanki la mafuta liondoe kabisa kabla mtu hajawasha mashine ya kuchomelea, na mtungi wa kuzimia moto ukae mlangoni, si kabatini. Vumbi la breki za zamani usilipulize kwa kompresa, huenda lina asbesto inayoharibu mapafu. Lifute kwa kitambaa chenye maji.

Kubadilisha gari nako ni shauri la nafasi. Mwaka 2023 niliitoa petroli nikaweka dizeli ya 200Tdi, injini iliyokuja na Discovery mwaka 1989. Vijana wananiuliza nimetumia mashine gani ya ajabu. Nilitumia rula, grenda, cheni bloki na jioni nyingi za kupima mara tatu kabla ya kukata mara moja. Injini ilipanda na kushuka kwenye fremu ile mara tisa, kwa sababu turbo inagombana na chasisi. Chini ya mwembe ningekata tamaa mara ya pili. Difu za 109, yaani gia za kwenye eksili, ni za 4.7 kwa 1, kwa hiyo barabarani injini inalia sana. Nikatafuta za 3.54 ili itulie. Na kabla ya kuongeza nguvu nilimaliza breki zote, kila dramu, kila mpira. Kijana anayeongeza mwendo kabla ya breki anacheza na roho za watu wanaosubiri basi kando ya barabara, na hilo nitalisema hata nikichukiwa. Namba ya injini nayo iko kwenye kadi ya gari. Ukibadilisha injini, kadi nayo irekebishwe.

Oktoba 2024 nililiendesha hadi Arusha kwenye tamasha la Land Rover. Segera, Mombo, Same, Moshi, zaidi ya kilomita 400, na boneti nilifungua mara moja tu, tena ni kwa kuwa mzee mmoja pale Same aliomba kuona. Nilijivuna, na sioni haya kusema.

Kwa hiyo, mdogo wangu, usinitumie picha ya kasha la spana. Kusanya makopo matupu, yale ya maziwa ya unga, hata arobaini, na kalamu ya wino mzito. Kila unachofungua kipigwe picha, kiingie kopo lake, kopo liandikwe. Hii ni bure na wengi hamtaki kuifanya, mnapenda vinavyong'aa. Gari likifunguliwa leo linafungwa baada ya miaka miwili, na kichwa chako hakitakumbuka.

Mbeya mvua zinaanza Novemba, una muda kidogo. Pima uwanja wako, uone maji yanatiririkia wapi, sakafu ipandishe juu ya hapo. Kama pesa haitoshi paa na sakafu pamoja, mwaga sakafu, gari lifunike kwa turubai zima, hedi isifunguliwe. Zege likishakunywa maji siku saba, nitumie picha yake, nami nitakuandikia spana moja moja na saizi zake.