Maswali ya Wasomaji: Nyuzi Nene za Dick Dale

Swali: Wataalamu, shikamooni. Napiga gitaa la solo kwenye kwaya. Nimesikia Dick Dale, mfalme wa gitaa la mawimbi ("surf", muziki wa wanaoteleza juu ya mawimbi ya bahari), alifunga nyuzi nene sana. Zangu ni za 9. Nikifunga za 16 nitapata mlio wake? Na kwa nini nikicharaza haraka noti zinavurugika?
*Msomaji, Mwanjelwa, Mbeya*

Jibu: Marahaba. Usifunge 16. Namba hiyo ni unene wa uzi mwembamba kabisa, kwa sehemu za elfu ya inchi, na mvuto hupanda kwa mraba wa unene. Ukitoka 9 kwenda 11 kwa sauti ileile, mvuto wa uzi huo huongezeka karibu nusu. Ukienda 16 unazidi mara tatu, na gitaa lililotengenezwa kwa 9 litapinda shingo. Seti ya 11 hadi 49 inatosha kabisa kukupa uzito unaoutafuta.

Badilisha uzi mmoja mmoja. Daraja la kuegemea springi, kama la gitaa la Stratocaster, litainuka mbele na nyuzi zitakaa juu mno, kwa hiyo fungua kifuniko cha nyuma: kama kuna springi 3, ongeza ziwe 5, kisha kaza skrubu zinazozishikilia hadi daraja lilale. Shingo ikiwa imejikunja, kaza fimbo ya chuma iliyo ndani yake robo mzunguko tu, halafu ngoja hadi kesho yake. Ukisikia "tik" unapotyuni na sauti ikaruka, uzi umenasa kwenye mfereji wake juu ya shingo. Panua mfereji kwa msasa laini, kidogo kidogo, bila kuuongezea kina, kisha paka risasi ya penseli.

Na kwa baridi ya Mbeya ya Juni na Julai, ukiingia ukumbini usityuni papo hapo. Gitaa likipata joto nyuzi hutanuka na sauti hushuka. Lipe dakika 20.

Sasa kuhusu kuvurugika. Kosa kubwa ni distosheni, yaani kuikwaruzisha sauti makusudi. Dale alitaka sauti kubwa iliyo safi, ndiyo maana akaunguza amplifaya na spika nyingi za Leo Fender, mtengenezaji wa magitaa na amplifaya. Mwishowe Fender akamtengenezea amplifaya ya Showman, yenye transfoma kubwa na spika ya JBL ya inchi 15. Zima distosheni na tumia pikapu (kinasa sauti cha nyuzi) iliyo karibu na daraja. Kwenye miksa ya kanisa, epuka mwangwi wa "ukumbi mkubwa", kwa sababu mkia wake mrefu hufunika noti inayofuata. Chagua mwangwi wa springi.

Mkono nao: piki ya milimita 1 au zaidi, ncha itokeze milimita 2 au 3 tu, chini-juu-chini-juu bila kuruka, mwendo utoke kwenye kifundo cha mkono. Anza na mapigo 80 kwa dakika, viboko 4 kwa kila pigo, ukipanda 5 kila unapopiga bila kukaza bega. Kiwiko kikianza kutetemeka, umeshapita kiasi, rudi nyuma.

Swali: Wimbo wake "Misirlou" una ladha ya taarabu. Ni masikio yangu tu?
*Msomaji, Mafinga*

Jibu: Masikio yako ni mazima. Dale alizaliwa Boston mwaka 1937 kwa jina la Richard Monsour, baba yake akiwa na asili ya Lebanoni, na utotoni alimsikia ami yake akipiga udi. "Misirlou" ni wimbo wa zamani wa mashariki ya Mediterania, na jina lake lina maana ya mwanamke wa Misri. Yeye aliurekodi mwaka 1962 kwa kasi ya kutisha, na mwaka 1994 filamu ya *Pulp Fiction* ikauleta kwa kizazi kipya.

Jaribu kwenye uzi mnene kabisa: wazi, kisha freti ya 1, 4, 5, 7, 8, 11 na 12. Ule mruko wa kutoka 1 hadi 4 ndio hijazi, mpangilio wa noti wa Kiarabu, ya mafundi wa udi wa Zanzibar. Hapo mpenzi wa taarabu anamwelewa Dale kabla hata hajaona wimbi la bahari, na aliyewahi kusimama Matema upepo wa Ziwa Nyasa ukivuma atauelewa mngurumo pia.

Swali: Binti yangu ni mashoto. Nimnunulie gitaa la kawaida?
*Mzazi, Iringa*

Jibu: Dale, aliyefariki Machi 2019, alikuwa mashoto na alipiga huku uzi mnene ukiwa chini na mwembamba juu. Inawezekana, lakini vidole vya kila kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) atavitafuta upya, na vitabu havitamsaidia. Kama mpo dukani na la mashoto lipo, chukua hilo. Likikosekana, geuza la kawaida na upange nyuzi upya: hapo kipande chenye mifereji lazima kibadilishwe, maana uzi mnene hauingii kwenye mfereji mwembamba, na kitufe cha mkanda kihamishiwe upande wa pili.