Mjumbe wa Bunge katika Umoja wa Mabunge Duniani: anasema kwa niaba ya nani, na akirudi afanye nini?

Swali: Mheshimiwa ninayemhudumia kama ofisa wa Bunge ameingia bungeni kwa mara ya kwanza, na ameteuliwa kuwa mmoja wa wajumbe wetu katika Umoja wa Mabunge Duniani (IPU). Wizara ya mambo ya nje imeshatuletea hotuba iliyokamilika na kuomba isomwe kama ilivyo. Je, mjumbe huyu anasema kwa niaba ya serikali, ya chama chake, au kwa nafsi yake? Kura atakayopiga huko ina uzito gani? Na akirudi anawajibika kufanya nini, mbali na kurejesha masurufu ya safari?

Jibu: Nianze na hotuba ya wizara, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyo mezani. Mjumbe katika IPU haiwakilishi serikali. Mwanachama wa Umoja huo ni Bunge lenyewe, na Bunge lina upande wa serikali na upande wa upinzani, wote wakiwa na haki ya kusikika. Hakuna ubaya kupokea maelezo kutoka wizarani. Ni vyema hata kuyaomba, maana mbunge asiyejua kama nchi yake imeridhia mkataba unaojadiliwa huaibika mbele ya wenzake. Lakini maelezo ni jambo moja na hotuba ya kuandikiwa ni jambo jingine. Ichukueni kama taarifa ya usuli, mtoe humo tarehe na takwimu mnazozihitaji, kisha Mheshimiwa aandike hotuba yake mwenyewe inayoeleza Bunge limefanya nini: sheria gani limepitisha, kamati ipi imemhoji waziri, fungu gani la bajeti limeongezwa au limekatwa. Msimamo wa serikali una mabalozi wa kuusema Geneva na New York mwaka mzima. Hauhitaji kuazima dakika chache za mbunge.

Msimamo huu una historia ndefu. Umoja ulianzishwa Paris mwaka 1889 kwa juhudi za wabunge wawili, William Randal Cremer wa Uingereza, seremala aliyekuwa kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, na Frédéric Passy, mchumi wa Ufaransa. Nia yao ilikuwa kuzishinikiza serikali zao zimalize migogoro kwa usuluhishi badala ya vita, na wote wawili walikuja kupata Tuzo ya Amani ya Nobel, Passy mwaka 1901 akiwa pamoja na Henry Dunant, mwanzilishi wa Msalaba Mwekundu, na Cremer mwaka 1903. Hapo mwanzo waliohudhuria walikuwa wabunge mmojammoja kwa hiari yao. Baadaye ndipo mabunge yenyewe yakawa wanachama, na leo yanazidi 180. Makao makuu yako Geneva, na tangu mwaka 2002 Umoja una hadhi ya mwangalizi wa kudumu katika Umoja wa Mataifa. Umbo limebadilika sana, ila desturi ya mbunge kusema kama mbunge imebaki.

Tahadhari moja kabla sijaendelea: vyama vya kibunge vya kimataifa havifanani, na Mheshimiwa akija kuteuliwa kwingine asidhani kanuni ni zilezile. Chama cha Mabunge ya Jumuiya ya Madola (CPA), kilichoanza mwaka 1911, kimejengwa juu ya matawi, na tawi linaweza kuwa la bunge la taifa au la bunge la jimbo. Kuna mtandao wa Parliamentarians for Global Action, ambao mbunge hujiunga nao yeye binafsi. Kisha kuna mabaraza yaliyofungamanishwa na jumuiya za kiserikali, kama Baraza la Wabunge la Baraza la Ulaya (jumuiya ya haki za binadamu, tofauti na Umoja wa Ulaya), ambalo wajumbe wake hutoka katika mabunge ya mataifa na ndilo huwachagua majaji wa Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Hiyo ni kura yenye matokeo ya moja kwa moja kisheria. Kura ya IPU haiko hivyo, na nitaieleza baada ya kugusa suala la nani anakwenda.

Uteuzi ni jambo la ndani la kila Bunge. Kwingine hufanywa na Spika, kwingine vyama hupeleka majina kwa uwiano wa viti, na kwingine Bunge zima hupiga kura. Umoja wenyewe huweka mipaka. Ujumbe kwenye Mkutano Mkuu, unaofanyika mara mbili kwa mwaka, hauzidi wajumbe 8, au 10 kwa nchi zenye watu milioni 100 na zaidi. Ukiwa na wanaume watupu au wanawake watupu hupungukiwa kura, na ukiendelea hivyo mfululizo hupunguzwa pia idadi ya wajumbe. Katika Baraza la Uongozi la Umoja kila Bunge lina wawakilishi watatu, lakini ujumbe wa jinsia moja hupata wawili tu. Baraza hilo ndilo humchagua Rais wa Umoja, kama lilivyofanya Luanda mwezi Oktoba 2023 lilipomchagua Spika Tulia Ackson wa Tanzania.

Sasa kura. Kila Bunge huanza na kura 10, kisha huongezewa kulingana na idadi ya watu wa nchi yake, hadi kufikia kura 23 kwa nchi kubwa kabisa. Jambo ambalo wajumbe wapya wengi hawalijui, na ambalo viongozi wa misafara hawana haraka ya kuwaeleza, ni kwamba kura za ujumbe mmoja zinaweza kugawanywa ili kuonyesha tofauti za maoni ndani yake, na hakuna mjumbe anayeruhusiwa kupiga zaidi ya kura 10 peke yake. Tuseme ujumbe una kura 15. Majina ya nchi yanapoitwa, unaweza kutamka kura 9 za ndiyo na 6 za hapana, na ikaandikwa hivyo. Kwa hiyo swali lako kuhusu chama chake lina jibu lililo wazi: anaruhusiwa kutofautiana na kiongozi wa ujumbe, mradi tofauti hiyo imezungumzwa mapema katika kikao cha ndani na mgawanyo wa kura umekubaliwa. Kinachochefua ni ujumbe kuzozana mbele ya kipaza sauti wakati mwenyekiti anasubiri jibu.

Kura za kuitana majina huwa chache, na nyingi hutokea wakati wa kuchagua hoja ya dharura. Bunge lolote linaweza kupendekeza hoja inayohusu tukio kubwa la karibuni, lakini moja tu ndiyo huingizwa kwenye ajenda, nayo ni lazima ipate theluthi mbili ya kura zilizopigwa. Ushindani wake huanzia kwenye makundi sita ya kikanda, likiwamo Kundi la Afrika, ambayo hukutana kabla ya kikao kikuu. Anayekuja kuomba kuungwa mkono siku ya kura huwa amechelewa, kwa sababu wenzake walikwishaahidiana.

Kazi yenye tija zaidi, kwa maoni yangu, iko kwenye rasimu za maazimio. Kamati ya kudumu ya Umoja huteua wabunge wa kuandika rasimu na maelezo yake, rasimu husambazwa kwa mabunge yote, na kila Bunge linaweza kuleta marekebisho kwa maandishi kabla mkutano haujafunguliwa. Tarehe hiyo ya mwisho ndiyo tarehe muhimu kuliko zote kwenye kalenda yenu, na wewe ofisa ndiwe wa kuilinda. Marekebisho huandikwa aya kwa aya: aya ipi, maneno gani yafutwe, maneno gani yaingie. Chukua mfano wa aya inayosema kwamba Mkutano “unazitaka serikali ziongeze juhudi za kulinda vyanzo vya maji”. Haina kasoro ya lugha, lakini haimwachii mbunge kitu cha kushika. Mheshimiwa akipendekeza isomeke kwamba Mkutano “unayataka mabunge yaziagize kamati zinazohusika kudai taarifa ya kila mwaka ya hali ya vyanzo vya maji na kuijadili hadharani”, anayeambiwa afanye jambo amebadilika, na jambo lenyewe linaweza kupimwa. Marekebisho ya namna hii huchukua maneno machache, na mara nyingi hupita bila kelele kwa kuwa hayamkosoi yeyote. Kinyume chake, hotuba katika mjadala wa jumla husikilizwa na ukumbi ambao nusu yake iko kwenye mikutano ya pembeni.

Je, azimio likishapitishwa linaifunga nchi? Hapana. Halina nguvu ya mkataba, haliwezi kupelekwa mahakamani kama sheria, na ujumbe usiokubaliana na sehemu yake unaweza kuomba pingamizi lake liwekwe kwenye kumbukumbu. Lakini katiba ya Umoja inawapa wanachama wajibu ambao husahaulika mara tu ndege inapotua: kuyawasilisha maazimio katika mabunge yao kwa njia inayofaa, kuyafikisha kwa serikali, kuhimiza utekelezaji wake, na kuiarifu sekretarieti ya Umoja hatua zilizochukuliwa.

Hilo ndilo jibu la swali lako la mwisho. Taarifa ya safari isiwe shajara ya nani alifungua mkutano na nani alipiga picha na nani. Iwe fupi, itaje ujumbe ulipigaje kura, marekebisho gani yalikubaliwa na yapi yalikataliwa, kisha itenge kila aya ya azimio inayohusu Bunge lenu na kuandika mbele yake kamati inayopaswa kuishughulikia. Iwasilishwe mezani ili iingie kwenye taarifa rasmi za Bunge, maana nakala iliyobaki ofisini kwa Katibu haimsaidii mbunge mwingine yeyote. Baada ya hapo Mheshimiwa ana zana zake za kawaida: swali kwa waziri, hoja binafsi, au barua kwa mwenyekiti wa kamati. Ile aya ya vyanzo vya maji, akiinukuu ndani ya swali la nyongeza, humweka waziri mahali pagumu kidogo, hasa ikiwa ujumbe wa nchi hiyohiyo uliiunga mkono.

Kuna chombo kingine ambacho mbunge mpya anafaa kukijua hata kama hatakihitaji kamwe, nacho ni Kamati ya Haki za Binadamu za Wabunge, iliyoundwa mwaka 1976. Hupokea malalamiko kuhusu wabunge waliokamatwa, kuteswa au kuvuliwa viti kinyume cha haki, na mlalamikaji anaweza kuwa mbunge mwenyewe, ndugu yake au wakili wake. Vikao vyake ni vya faragha, na mara nyingine wajumbe wake huomba kukutana na ujumbe wa nchi husika. Mkiitwa, nendeni na majibu ya maandishi. Kukaa kimya nako huandikwa.

Kuhusu fedha sitasema mengi. Bunge hulipa mchango wa mwaka kwa Umoja na kugharimia safari za wajumbe wake. Kagueni na mhasibu kabla ya kuondoka kama mchango umelipwa, kwa sababu Bunge ambalo malimbikizo yake yamefikia kiasi cha miaka miwili kamili hupoteza haki ya kupiga kura, na hakuna mgawanyo wa kura wa kujadili tena hapo.

Mwisho, fungua jalada moja la kudumu la ujumbe: rasimu, marekebisho, matokeo ya kura, na majina ya wabunge wa nchi nyingine waliounga mkono mapendekezo yenu. Uchaguzi ukipita wajumbe wanaweza kubadilika wote kwa mkupuo, na huko Geneva rasimu inayofuata itakuwa imeshaanza kuandikwa.