Baibui langu linatoka na michirizi myeupe

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mume wangu ameninunulia mashine ya kufulia, ile ya mlango wa mbele. Droo ya sabuni ina vichumba vitatu. Mimi najaza sabuni ya unga vyote, kisha namiminia dawa ya kulainisha nguo juu yake. Baibui linatoka na michirizi myeupe, kanzu za watoto za madrasa zimekuwa kijivu, na droo inanuka. Fundi kasema mashine mbovu. Ni kweli? Msomaji, Makorora, Tanga.

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwa hayo uliyonieleza, usimpe fundi hata shilingi. Mashine inafanya ilichoagizwa.

Maji hayapiti vichumba vyote kwa pamoja. Kila kimoja kina zamu yake. Chenye alama ya I ni cha ufuaji wa awali, na maji hupita hapo ukichagua programu hiyo tu. Usipoichagua, unga unakaa humo unyevunyevu mpaka unaganda. Chenye II ndicho cha ufuaji wenyewe, na sabuni yako ya kila siku ni hapo. Chenye alama ya ua ni cha dawa ya kulainisha, nayo huingia wakati wa suuzo la mwisho. Sasa wewe umeweka unga kwenye ua. Nguo imekwisha fuliwa, inasuuzwa, ndipo unga unapoimwagikia, na hauna tena muda wa kuyeyuka. Kwenye kanga usingeuona. Kwenye baibui jeusi umekuumbua.

Fuata alama, usihesabu kutoka kushoto, maana mpangilio hutofautiana mashine na mashine.

Kanzu nazo zina kisa chao. Sabuni na dawa ya kulainisha zikikutana zinashikana, sabuni inapoteza nguvu na utando unabaki kwenye kitambaa. Zitenganishe. Dawa isipite mstari wa mwisho uliochorwa kichumbani, kwani ikiupita huanza kujimwaga yenyewe kabla ya wakati wake. Taulo usizitie dawa hiyo kabisa, zitaacha kunyonya maji.

Nunua sabuni iliyoandikwa ni ya mashine. Ile ya kufulia kwa mkono ina povu jingi, na povu likijaa nguo hazipigani, uchafu hautoki. Kama unatumia maji ya kisima yenye chumvi, sabuni huhitajika zaidi kidogo. Soma kipimo kwenye pakiti.

Harufu sasa. Mimi hapa Chumbageni niliichomoa droo yangu baada ya miezi mingi, nikapitisha kidole nyuma yake: utelezi mweusi, kama wa ngalawa iliyolala majini. Nilisikitika, kwa sababu nguo za wajukuu zilikuwa zinapitia hapo. Vuta droo mpaka ikwame, bonyeza kile kiulimi cha plastiki, itatoka. Iloweke maji ya uvuguvugu, isugue kwa mswaki mkuukuu, na tundu inamokaa ifute pia, hasa darini mwake. Ukimaliza kufua iache wazi ikauke, na joto letu hili la pwani ukungu hauchelewi.

Ukiona unga unabaki hata kwenye II, tazama maji. Tangi likiwa chini mno msukumo ni hafifu, au kichujio kidogo penye mpira wa maji kimejaa mchanga.

Baibui lako usilifue tena kwa sabuni. Lisuuze mara mbili kwa maji matupu, ulianike kivulini.