Maswali ya Wasomaji: Guta Linalozimika Njiani, Leaf ya Mtumba na Lori la Tunduma

SWALI: Ndugu wahariri, nina guta la umeme la volti 60, betri kavu tano za volti 12, Ah 100 (ampea-saa, kipimo cha umeme ambao betri inahifadhi). Lilipokuwa jipya lilikwenda Kariakoo hadi Mbagala na kurudi mara mbili, na mifuko 10 ya saruji juu. Huu ni mwezi wa tisa tangu nilinunue, na safari ya kwanza tu linazimika. Aliyeniuzia anasema betri moja imekufa, nibadilishe hiyo. Ni kweli? – *Msomaji, Mbagala*

JIBU: Huenda ni kweli, ila dawa anayokupa ni nusu. Betri zako zimefungwa kwa mfuatano, mkondo mmoja unapita zote tano. Iliyo dhaifu huishiwa kwanza, jumla ikishuka karibu na volti 52.5 kontrola (kifaa kinachoongoza umeme wa mota) inakata, hata kama zile nne bado zina nguvu.

Pima kabla hujatoa hela. Chaji mpaka ijae, chomoa, acha saa tatu, kisha weka multimita kwenye kila betri peke yake: nzima husoma 12.7 hadi 12.9. Halafu endesha na mzigo wako wa kawaida mpaka guta lianze kuchoka, simama, pima palepale kabla betri hazijapumua. Iliyoachwa nyuma na wenzake kwa zaidi ya nusu volti ndiyo mgonjwa. Zikiwa mbili au zaidi, badilisha zote tano. Ikiwa ni moja, tafuta iliyotumika ya kampuni hiyohiyo na umri uleule. Ukichomeka mpya kabisa kati ya zilizochoka, chaja, ambayo inaangalia jumla tu, itazizidishia umeme za zamani na kuipunja mpya. Baada ya miezi michache utarudi dukani.

Sasa, kwa nini miezi tisa? Siku 26 za kazi kwa mwezi ni mizunguko 234. Betri za risasi kama zako zikikamuliwa hadi tone la mwisho kila siku hazitarajiwi kupita sana mizunguko 300. Kwa hiyo hujaibiwa betri, hukuambiwa tu. Ile Ah 100 ya kwenye kibandiko nayo mara nyingi hupimwa kwa kutoa umeme taratibu kwa saa 20, wakati guta lenye nusu tani linaunyonya kwa saa mbili. Hupati hata robo tatu yake.

Kinachoua zaidi ni kulaza betri tupu. Salfeti huganda kwenye sahani za risasi na haitoki tena. Rudi saa nane mchana, chomeka saa nane mchana, usingoje usiku. Pima na chaja ikiwa inamalizia: kwa joto la Dar volti 72 hadi 73 zinatosha. Ikipita 75 inazikausha, na utaziona zimefura ubavuni.

Ukiamua kuhamia lithiamu, omba aina ya LFP (lithiamu ya chuma na fosfeti), seli 20 kwa mfuatano (volti 64). Betri tano za risasi zina kilo 150 hivi, za lithiamu za ukubwa huo kilo 50 hivi: umepata nafasi ya mifuko miwili ya saruji bila kuligusa guta. Ila chaja ya zamani iache. Nunua ya volti 73 ya LFP, na hakikisha bodi ya ulinzi ndani ya betri inastahimili mkondo wa juu kabisa wa kontrola. Kontrola ya ampea 80 na bodi ya ampea 60 zitakuzimia kila mwinuko.

SWALI: Nikipita kwenye maji ya mvua na gari la umeme, nitapigwa shoti? – *Msomaji, Magomeni*

JIBU: Hapana. Nyaya za volti kubwa hazigusi bodi ya gari, na mfumo ukihisi umeme unavuja unajikata. Lakini gari lililosimama kwenye mafuriko usilichaji wala kuliwasha kabla fundi hajakagua plagi za betri.

SWALI: Naoneshwa gari la umeme, Nissan Leaf ya betri ya kWh 24 (yaani uniti 24 za umeme), dashibodi ina vipande 9 kati ya 12 vya afya ya betri. Kazini na kurudi ni kilomita 50, na kila mwezi naenda Morogoro. Nichukue? – *Msomaji, Mbezi*

JIBU: Kwa kazini, ndiyo. Kwa Morogoro, sahau. Kipande cha kwanza hupotea betri ikiwa imepungua asilimia 15 hivi, kila kinachofuata ni kama 6, kwa hiyo hiyo imebaki na karibu asilimia 70. Ilipokuwa mpya ilitoa kWh 21 za kutumika, sasa 15. Inakula kWh 15 kwa kilomita 100, na foleni yenye kiyoyozi inaongeza. Panga kilomita 80, si zaidi. Betri ya Leaf haipoozwi kwa maji, joto la Pwani litaendelea kuila.

Vipande vyenyewe visikutie moyo sana, vinaweza kufutwa vikarudi 12 kwa wiki kadhaa. Nenda na kisomeo cha OBD (kinachochomekwa kwenye soketi ya uchunguzi ya gari) na programu ya simu ya Leaf Spy, au endesha kilomita 20 ukitazama asilimia. Ikishuka zaidi ya 25, punguza bei au ondoka.

Nyumbani, chaja ya ndani ya kW 3.3 inavuta ampea 14 hadi 16 saa nyingi mfululizo. Soketi ya kawaida ya ampea 13 inaweza kuyeyuka. Vuta waya wake wa milimita 4 za mraba kutoka kwenye boksi, breka ya ampea 20, soketi ya bluu ya ampea 16, na ethi iliyopimwa. Bila ethi chaja nyingi hukataa kuwaka. LUKU ya shilingi 10,000 hutoa uniti 28 hivi. Kilomita 100 zinahitaji uniti 17 pamoja na zinazopotea, yaani shilingi 6,000. Petroli ya lita 8, tuseme lita ni shilingi 3,000, ni 24,000.

SWALI: Tuna malori ya Dar–Tunduma. Umeme umefika wakati? – *Msafirishaji, Temeke*

JIBU: Kwa njia hiyo, bado. Mercedes-Benz eActros 600 ina betri ya kWh 621 na inatajwa kwenda kilomita 500 ikiwa na tani 40. Kwa tani 56 zinazoruhusiwa hapa, na mlima wa Kitonga mbele yako, hesabu kWh 1.6 kwa kilomita: kama kilomita 350. Njia ni zaidi ya 900, hivyo unasimama kuchaji angalau mara mbili, na kila kituo kinataka transfoma yake. Betri zenyewe, zaidi ya tani 4, zinakula mzigo.

Linalolipa ni lori la bandarini na bandari kavu za mjini: safari fupi, foleni ndefu, kulala yadi ileile. Anza na moja, lichaji usiku. Na kama yadi yako iko mlimani, jaza hadi asilimia 90 tu: betri iliyojaa haina pa kupokea umeme ambao mota huzalisha lori likishuka, na breki za kawaida ndizo zitabeba kazi yote.